Nani Atawaandikia Watu wa Nyero?

Mwandishi wa Kimarekani Jean M. Auel ameuza zaidi ya nakala milioni 45 za riwaya zinazohusu watu walioishi Ulaya yapata miaka 30,000 iliyopita. Ya kwanza, The Clan of the Cave Bear, ilitoka mwaka 1980. Ya sita na ya mwisho, The Land of Painted Caves, ilitoka mwaka 2011. Kwa miaka 31 mwanamke huyo alishughulika na watu ambao hawakuacha hata herufi moja, na dunia ikamsoma. Sisi tunaosoma Kiswahili hapa Mbale, mwendo wa saa moja hivi kwa teksi kutoka kwenye miamba ya Nyero, hatujawahi kuwekewa mezani riwaya hata moja ya Kiswahili iliyothubutu kuingia zama hizo.

Makala hii ni ya ugomvi, na ni vyema niseme mapema ninagombana na nani. Kwa Auel nina ugomvi mdogo. Ugomvi mkubwa ni na sisi wenyewe: wanafunzi, wahadhiri na waandishi tunaoamini kwamba riwaya ya zama za mawe ni burudani ya Wazungu wasio na shida. Ninachodai ni kwamba riwaya ya namna hiyo ni dawa tunayoikosa dhidi ya ugonjwa unaotutafuna huku mashariki mwa Uganda, ugonjwa wa kila kabila kusema "sisi ndio tuliofika kwanza". Tena ninadai kwamba lugha inayofaa kuiandika ni Kiswahili.

Tumpe haki yake kwanza

Auel alizaliwa Chicago mwaka 1936. Alipoanza kuandika mwaka 1977 alikuwa mama wa watoto watano, na hakuwa na shahada ya akiolojia. Alikwenda maktaba, akasoma. Kisha akajifunza kwa mikono: kuchonga zana za mawe, kuwasha moto bila kiberiti, kulainisha ngozi ya mnyama, kulala ndani ya pango la theluji. Hakukaa akasema hakuna maandishi, basi hakuna la kuandika.

Tazameni alivyompata mhusika mmoja. Miaka ya 1950, katika pango la Shanidar huko Iraki, mwanaakiolojia Ralph Solecki alifukua mifupa ya watu wa Neandertali, wale binadamu wa jamii nyingine waliotoweka. Mmoja wao alikuwa mzee ambaye mkono wake ulikuwa umenyauka na jicho lake moja yawezekana halikuona. Hata hivyo, mifupa ilionyesha kwamba aliishi miaka mingi baada ya kuumia. Mtu wa hali hiyo hawezi kuwinda, na kama aliishi, basi kuna waliomlisha. Auel alichukua mifupa hiyo akaifanya kuwa Creb, mganga mlemavu anayeogopwa na kupendwa na ukoo wake. Mfupa ulizaa swali, na swali likazaa mhusika.

Kuna jambo jingine linalostahili heshima. Katika riwaya ya kwanza, Ayla, msichana wa jamii yetu aliyelelewa na Waneandertali, anazaa mtoto wa damu mbili. Mwaka 1980 wataalamu walikuwa bado wanabishana kama jamii hizo mbili ziliwahi kuzaa pamoja. Mwaka 2010 vinasaba vya Neandertali vilisomwa, na ikaonekana kwamba watu wenye asili ya nje ya Afrika wamebeba sehemu ndogo ya damu hiyo hadi leo. Mtunzi wa hadithi alikuwa ametangulia miaka 30. Wale wanaotuambia kwamba kubuni ni kudanganya, wakumbuke hilo.

Ugomvi wangu na Auel

Baada ya kumpa haki yake, tumwambie na makosa yake.

Ayla ana nywele za rangi ya dhahabu na macho ya buluu. Ukimtoa pangoni ukamvisha suruali, utamwona anapita barabarani Oregon, jimbo alikoandikiwa. Lakini wanasayansi walipochunguza vinasaba vya mwindaji aliyefukuliwa La Braña, Hispania, aliyeishi yapata miaka 7,000 iliyopita, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba alikuwa na macho ya buluu na ngozi nyeusi. Huyo ni mtu wa juzi ukimlinganisha na Ayla. Ngozi nyeupe ilienea Ulaya baadaye sana. Auel hakuwa na habari hizo mwaka 1980, na hatumlaumu kwa kutojua yasiyojulikana. Tunachosema ni kwamba alipokosa ushahidi wa sura, alijaza pengo kwa sura ya majirani zake. Kila mwandishi hufanya hivyo, na kwa sababu hiyohiyo haifai kuwaachia majirani zake peke yao kazi ya kujaza mapengo ya wanadamu wote.

Kosa la pili ni kumtwisha mtu mmoja ugunduzi wa jamii nzima. Ayla anafuga farasi. Anamlea simba. Anamfuga mbwamwitu. Anagundua mawe yanayotoa cheche. Anawaza sindano yenye tundu. Ukimaliza kitabu cha nne unajiuliza wengine walikuwa wanafanya nini wakati huo wote. Huo ni mtazamo wa nchi inayoamini kwamba maendeleo huletwa na shujaa mmoja. Bibi zetu waliochagua mbegu za wimbi msimu baada ya msimu, mamia ya vizazi, wasingekubali hadithi hiyo. Mbegu haina mgunduzi mmoja. Ina wanawake wengi waliokuwa wakiinama.

La tatu, dunia ya riwaya zake inaanzia Bahari Nyeusi na kuishia Ufaransa. Watu wa jamii ya Ayla walitoka wapi? Mababu zao walitoka huku kwetu. Mfululizo mzima unaitwa "Watoto wa Dunia", na bara lililowazaa watoto hao limebaki nje ya mlango.

Lakini hapo ndipo ugomvi wangu naye unapokoma. Mpishi hupakua kutoka chungu chake. Hatuwezi kumdai Mmarekani atuandikie Nyero wakati sisi tunapita barabara ya Kumi kila sikukuu na hatugeuzi hata shingo.

Ugomvi mkubwa, yaani na sisi

Hatuwezi kusema kwamba fasihi ya Kiswahili inaogopa kwenda mbali. Shaaban Robert alitupeleka Kusadikika, nchi inayoelea hewani. Katama Mkangi, katika Walenisi ya mwaka 1995, alimpeleka mhusika wake Dzombo kwenye sayari nyingine. Euphrase Kezilahabi, katika Nagona na Mzingile, alivunja wakati wenyewe mpaka msomaji asijue jana ni ipi na kesho ni ipi. Tumekwenda angani, tumekwenda sayari ya mbali, tumetoka nje ya wakati. Nyero hatujafika, na nauli yake ni ndogo kuliko zote.

Wala hatuwezi kusema hatuna mfano. Yupo Aniceti Kitereza wa kisiwa cha Ukerewe, ng'ambo ya kusini ya ziwa letu. Alimaliza kuandika Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Humo hakuna mkoloni wala kodi ya kichwa. Kuna mume na mke wanaotafuta mtoto, na kupitia wao tunaona namna watu walivyolima, walivyovua, walivyopika pombe, walivyotibu na walivyoposa kabla Mzungu hajafika. Kitereza hakuandika zama za mawe. Lakini alithibitisha jambo moja kubwa: kwamba maisha yasiyoandikwa yanaweza kuandikwa, kwa subira na kwa masikio.

Kitabu hicho kilichapishwa Tanzania mwaka 1980, mwaka uleule alioanza Auel. Auel alipata mamilioni ya wasomaji. Kitereza alikuwa amengoja miaka 35, na mwaka uliofuata, 1981, akafariki. Leo mwulize mwanafunzi wa Kiswahili wa hapa Mbale au Jinja kama amewahi kukishika kitabu hicho mkononi. Halafu tuseme nani ametutupa, Mmarekani au sisi.

Ushahidi upo mlangoni

Nyero iko wilaya ya Kumi, katika nchi ya Iteso. Juu ya miamba mikubwa ya mawe kuna michoro ya rangi nyekundu: duara ndani ya duara, duara ndani ya duara, na maumbo marefu ambayo wengine huyaona kuwa mitumbwi. Michoro ya namna hiyo iko pia Kakoro, Mukongoro na Ngora. Kwenye kisiwa cha Lolwe, ndani ya Ziwa Nyanza, kuna mawe yanayolia kama kengele yakigongwa, na uso wake umechimbika kwa kugongwa vizazi na vizazi. Mlima Elgon una mapango yenye chumvi. Katika pango la Kitum, upande wa Kenya, tembo huingia gizani usiku, wakipapasa njia kwa mikonga, wakakwangua chumvi ukutani kwa pembe zao. Niambieni ni mwandishi gani wa Oregon aliyepewa zawadi kama hiyo.

Wataalamu wa mawe wanazijua nchi zetu kuliko sisi. E. J. Wayland, mkuu wa kwanza wa idara ya jiolojia ya Uganda enzi za Waingereza, aliokota zana za mawe katika Ghuba ya Sango na Magosi kule Karamoja. Tangu wakati huo majina ya sehemu hizo mbili yakawa majina ya aina za zana katika vitabu vya akiolojia. Wanafunzi wa Ulaya wamekariri majina ya vijiji vya Uganda kwa ajili ya mtihani. Mwanafunzi wa Kampala akiyasikia, huenda akadhani ni majina ya vijidudu.

Na Jinja? Jina lenyewe linatokana na mawe. Kwa Kiganda jiwe ni ejjinja. Lakini mtalii akifika pale Mto Nile unapoanzia, historia anayosimuliwa inaanza tarehe 28 Julai 1862, siku aliyofika John Hanning Speke. Mji umeitwa mawe, na hadithi yake inaanza na mgeni aliyefika juzi akiwa na daftari. Watu waliotazama maporomoko yale kwa maelfu ya miaka hawana hata sura ya kwanza katika kitabu.

Kinachotuumiza

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inasema kwamba raia wa kuzaliwa ni, pamoja na wengine, mtu aliyezaliwa Uganda ambaye mzazi wake au babu na bibi yake ni wa mojawapo ya jamii asilia zilizokuwa zikiishi ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Februari 1926. Jamii hizo zimeorodheshwa katika Jedwali la Tatu. Mwanzoni zilikuwa 56. Baada ya marekebisho ya mwaka 2005 zikawa 65. Sisemi kwamba sheria isiwe na tarehe. Sheria lazima ikate mahali fulani. Ninachosema ni kwamba sisi tumeichukua tarehe ya karani tukaifanya mwanzo wa dunia. Uasilia wetu tunaojivunia una umri wa miaka mia moja tu, na mipaka inayoupima ilichorwa na wakoloni.

Mbale inaujua ugonjwa huu kwa undani. Kabla ya uhuru, wilaya ya Bugisu na wilaya ya Bukedi ziligombania mji huu mpaka Katiba ya mwaka 1962 ikalazimika kuutaja peke yake kama eneo la Mbale, mbali na wilaya zote mbili. Nchi ilizaliwa na mji wetu ukiwa kesi. Wakati huohuo kila mtu alijua kwamba mji wenyewe ulianza kukua mwanzoni mwa karne ya 20 chini ya Semei Kakungulu, Mganda, ambaye kwa hesabu za wagombani wote wawili alikuwa mgeni. Hadi leo, uchaguzi ukikaribia, utasikia sokoni na kwenye vituo vya boda boda: huyu si wa hapa, yule arudi kwao.

Nani ni wa hapa? Watafiti wengi wanaihusisha michoro ya Nyero na jamii za wawindaji na wakusanyaji, watu wa ukoo mmoja na mababu wa Batwa wa leo. Iteso walifika baadaye, kutoka upande wa Karamoja. Bagwere, Basoga na sisi wengine wa lugha za Kibantu nasi tuna safari zetu. Basi wenye haki ya kusema "sisi ndio wa kwanza" ni watu ambao hawapo tena Teso kusema chochote. Ndugu zao Batwa, huko kusini magharibi, walitolewa katika misitu ya Bwindi na Mgahinga mwaka 1991 ilipofanywa mbuga za taifa, wakabaki bila ardhi. Na hapa kwetu, Wabenet wa Mlima Elgon walilazimika kwenda Mahakama Kuu, ambayo mwezi Oktoba 2005 ilitamka kwamba wao ni wakazi wa kihistoria na asilia wa sehemu zile za mlima. Wanaofika kwanza mara nyingi ndio wanaofukuzwa kwanza. Wanaopiga kelele za kufika kwanza ni waliofika na kukuta wenzao.

Hotuba haitaponya hilo. Tumesikia hotuba za umoja tangu shule ya msingi, na tukitoka uwanjani tunarudi kwenye matusi yetu. Riwaya hufanya kazi kwa njia nyingine. Hukukalisha ndani ya mwili wa mtu mwingine kwa kurasa 300. Fikirini riwaya ambayo mhusika wake ni mwanamke anayesaga udongo mwekundu chini ya mwamba wa Nyero. Lugha yake haizungumzwi na yeyote leo. Mvua imekataa. Ng'ambo ya bonde kumeonekana moshi wa watu wageni wenye ng'ombe. Msomaji Mgisu, msomaji Mteso, msomaji Mgwere, wote watamfuata mwanamke yule wakimwonea huruma, mpaka wafike ukurasa ambapo wanatambua kwamba wao ndio ule moshi. Mtu aliyesoma ukurasa huo atapata tabu kidogo kesho yake kumwambia jirani arudi kwao. Tabu hiyo kidogo ndiyo ninayoitafuta.

Na mila zetu zenyewe zimekwisha kutuambia hayo, ila tunazisikiliza nusu. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, Bamasaaba wanafungua imbalu pale Mutoto, na tunasema huo ndio utambulisho wetu. Lakini simulizi ya wazee inasema tohara ililetwa na mwanamke, Nabarwa, aliyekuwa wa watu wengine. Alikataa kuolewa na Masaaba mpaka akatahiriwe kama wanaume wa kwao. Alama yetu kubwa kabisa tuliipata kwa mkwe! Auel alihitaji mifupa na vitabu kubuni mtoto wa damu mbili. Sisi tumekuwa na hadithi hiyo muda wote, tunaicheza ngoma na hatuitafakari.

Pingamizi ninazozisikia

Pingamizi la kwanza husemwa na wahadhiri: fasihi ya Kiswahili ni silaha ya jamii, na jamii ina ufisadi, ukosefu wa kazi na dawa zisizofika zahanati. Zama za mawe zinatusaidia nini? Nawajibu kwa heshima, walimu wangu, kwamba ubaguzi wa "huyu si wa hapa" ndio daraja ambalo ufisadi hupitia. Kiongozi anayekula fedha za zahanati huchaguliwa tena kwa sababu ni wetu. Anayeupiga uzushi wa uzawa amempiga na yeye.

Pingamizi la pili ni la aibu. Wapo wanaosema: tumetukanwa vya kutosha kuwa watu wa msituni, leo wewe unataka tuandike Mwafrika wa pangoni? Naielewa aibu hiyo, na naiona kuwa ushindi wa mwisho wa aliyetutukana. Wafaransa wana michoro ya Lascaux ndani ya mapango, na wanaionyesha dunia kwa majivuno. Hakuna Mfaransa anayejificha kwa sababu babu yake alichora ukutani. Pango si tusi. Tusi ni kufundishwa kwamba pango la mwenzako ni sanaa na lako ni ushenzi, nawe ukakubali.

Pingamizi la tatu ni la dini. Wenzangu wa kanisani na msikitini wanahofia kwamba anayeandika miaka 30,000 anamkana Mungu. Mimi sijamwomba mtu abadili imani. Michoro iko mwambani. Aliyeichora alikuwa na njaa, hofu, mapenzi na, kwa kila dalili, ibada. Wenyeji wa Nyero wenyewe wamekuwa wakipeleka sadaka kwenye miamba ile kuomba mvua na watoto. Kumheshimu aliyesali kabla yetu hakumvunjii Mungu heshima.

Pingamizi la nne ni la lugha: watu wale hawakuzungumza Kiswahili. Ni kweli. Ayla naye hakuzungumza Kiingereza. Lakini hapa Kiswahili kina sifa ambayo lugha zetu nyingine hazina. Ukiwaandika watu wa Nyero kwa Ateso, utaambiwa umewafanya Iteso. Ukiwaandika kwa Lugisu au Lusoga, utaambiwa umeiba mwamba. Huku kwetu Kiswahili si cha ukoo wa mtu yeyote. Watu wengi wa Uganda wamekisema vibaya kwa kuwa kilikuja na askari na wafanyabiashara, na hakina kijiji chake hapa. Kwa kazi hii, kutokuwa na kijiji ndiyo nguvu yake. Lugha ya wageni wote inafaa kusimulia habari ya wenyeji ambao hawana tena mrithi wa kuwasemea.

Na kama mtu bado ana shaka, atazame pwani. Katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi, wanaakiolojia walikuta kaburi la mtoto wa umri wa miaka mitatu hivi, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita. Alilazwa kwa ubavu, magoti yamekunjwa, na inaelekea kichwa chake kiliwekwa juu ya kitu kama mto. Ni maziko ya kale kuliko yote yaliyojulikana barani Afrika ugunduzi ulipotangazwa mwaka 2021. Watafiti walimpa jina gani? Mtoto. Kwa Kiswahili. Kuna mtu miaka 78,000 iliyopita alimfunika mtoto wake vizuri ili asipate baridi ardhini, na neno la kwanza dunia ilipomtaja lilikuwa neno letu. Auel alipewa mzee wa Shanidar, akaandika. Sisi tumepewa Mtoto, na tumenyamaza.

Ninachodai kifanyike

Sipendi makala inayolaumu na kuondoka. Nadai mambo matatu. Idara zetu za Kiswahili ziweke kitabu cha Kitereza mezani, kisomwe chote, si dondoo za mtihani. Safari ya mafunzo ya kila mwaka, ambayo kwa kawaida hutupeleka mbali kwa fedha nyingi, iende Nyero na Kakoro, na kila mwanafunzi arudi na hadithi ya kurasa kumi badala ya ripoti. Tatu, mkusanyiko huu tunaouchapisha wenyewe utenge nafasi ya hadithi hizo, hata kama za mwanzo zitakuwa mbovu. Kitabu cha kwanza cha Auel nacho kilianza kama hadithi fupi iliyomshinda nguvu.

Atakayeandika asije akatuletea Ayla mweusi anayegundua kila kitu peke yake, wala asije akawafanya watu wa Nyero kuwa mababu wa kabila lake kwa mlango wa nyuma. Aandike watu waliokuwa wengi, waliokosea, waliolishana, waliomlea kilema na kumzika mtoto. Awaandike kama watu wasiotudai chochote, ila tuache kudanganya kwamba tulikuta nchi tupu.

Anayejua kuandika vizuri kuliko mimi, na mko wengi, achukue teksi ya Kumi Jumamosi hii. Michoro ile inazidi kufifia kwa jua, mvua na mikono ya wanaochora majina yao juu yake. Haitangoja miaka 35 kama Kitereza.